Sikukuu Zimefika, na Sisi Tumepunguza Wanga

Desemba ni mwezi mgumu kwa mama yeyote aliyeshauriwa kupunguza wanga. Miezi mingine kumi na mmoja mtu anaweza kujitawala jikoni kwake. Anapika anachotaka, anapakua kiasi anachotaka, na hakuna wa kumuuliza. Lakini Desemba jiko si lako peke yako. Watoto wamefunga shule, wageni wamewasili na mabegi yao, mama mkwe anasubiri kijijini, na jirani anabisha hodi akiwa na sahani iliyofunikwa kitambaa. Karibu kila kinacholetwa kwa upendo kina wanga ndani yake: pilau, chapati, maandazi, vitumbua, ndizi, keki, soda. Kukikataa ni kama kumkataa aliyekileta. Kukila chote ni kuharibu kazi ya miezi mingi.

Sisi tunaowaandikia ni akina mama sita wa jumuiya moja jijini Dar es Salaam. Watatu kati yetu wana kisukari aina ya pili. Wawili wameolewa na wanaume wenye ugonjwa huo. Wa sita alipatwa na kisukari cha ujauzito. Kikaondoka baada ya kujifungua, lakini kliniki wakamweleza kwamba mama wa namna yake yumo katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye. Oktoba 2024 tulikubaliana kupunguza wanga kwa pamoja, kila mmoja akiwa ameruhusiwa na anayemtibu. Miezi miwili ilikwenda vizuri. Kisha ikaja Krismasi, ambayo mwaka ule iliangukia siku ya Jumatano, nasi tukatawanyika kila mmoja kwenda kwao au kwa wakwe zake. Haya ndiyo tuliyoyaona katika majuma yale mawili, na tunaamini yatamfaa mama mwingine.

KWA NINI TULIJISUMBUA

Wanga ni chakula cha kutia nguvu. Tukila ugali, wali, ndizi, mihogo, viazi au mkate, mwili huugeuza wanga ule kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Kwa mtu mzima wa afya, kongosho hutoa insulini ya kutosha, na insulini huifungulia sukari mlango iingie katika chembe za mwili. Kwa mwenye kisukari aina ya pili, insulini haifanyi kazi yake sawasawa, au haitoshi, kwa hiyo sukari hubaki katika damu na polepole huharibu macho, figo, moyo na mishipa ya fahamu ya miguu.

Jambo hili si geni kwa waganga. Kabla ya Januari 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini huko Toronto, Kanada, madaktari hawakuwa na silaha kubwa zaidi ya kumpunguzia mgonjwa chakula, hasa wanga. Dawa zimekuja na zimeokoa watu wengi, lakini sahani haijapoteza kazi yake. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa ripoti ya wataalamu iliyosema kwamba, katika mambo ya lishe, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha kiwango cha sukari katika damu. Haina maana kwamba kila mtu lazima afanye hivyo, wala kwamba wanga ni sumu. Ina maana kwamba mgonjwa anayepunguza ugali hafanyi ushirikina.

Mara nyingi wataalamu wanaposema mlo wenye wanga kidogo huwa na maana ya chini ya gramu 130 kwa siku. Kwa mama aliyezoea kupika kwa kukadiria kwa jicho, gramu ni lugha ngeni. Ndiyo maana tulikaa siku moja tukaigeuza kuwa lugha ya jikoni. Kikombe kimoja cha wali uliokwisha kuiva kina gramu 45 hivi. Soda moja ya mililita 300 ina gramu 30 na zaidi, yaani karibu vijiko vinane vya chai vya sukari. Chapati moja nene haipungui gramu 40. Sasa hesabu mwenyewe sahani ya Krismasi: vikombe viwili vya pilau, chapati moja na soda moja. Umekwisha kupita gramu 150, na hapo ni mlo mmoja tu. Bado chai ya asubuhi na maandazi yake, bado keki ya jioni.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio uliotutia moyo. Nyama, kuku na samaki havina wanga. Yai moja lina chini ya gramu moja. Mchicha, kabichi, bamia, biringanya, matembele na nyanya vina kidogo sana. Nusu ya parachichi ina gramu nane au tisa, na sehemu kubwa ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki kuwa sukari. Kwa hiyo mwenye kupunguza wanga hakunyimwa sikukuu. Mbuzi bado ni wake, kuku ni wake, na kachumbari ni yake.

DAWA KWANZA, SAHANI BAADAYE

Kabla hatujaendelea, kuna jambo moja ambalo tunaomba msomaji asilipite haraka. Mtu anayejidunga insulini, au anayetumia vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, kama vile glibenklamidi, hawezi kupunguza wanga kwa ghafla bila kuzungumza na daktari wake. Dawa ile ilipimwa kulingana na chakula alichokuwa akila. Akiondoa chakula na kuacha dawa ilivyo, sukari inaweza kushuka chini ya 4, na kushuka huko ni hatari ya saa ile ile, si ya miaka ijayo. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na hata kuzimia.

Mmoja wetu alipunguziwa dozi yake Oktoba kwa sababu hiyo. Kabla ya safari ya Desemba alirudi kliniki kuuliza: "Na siku nitakapokaa barabarani bila kula hadi mchana?" Akaelezwa la kufanya. Tangu hapo hasafiri bila pakiti ndogo ya maji ya matunda yenye sukari katika mkoba wake. Hiyo si ya kunywea kiu. Ni ya dharura tu: anapohisi kutetemeka anapima, na ikiwa imeshuka anakunywa nusu glasi, au analamba vijiko vitatu vya sukari, kisha anasubiri dakika kumi na tano na kupima tena. Mume wake na binti yake mkubwa wanajua pakiti ile ilipo. Mama mwenzetu, ikiwa wewe au mumeo mnatumia dawa za namna hiyo, hakikisheni si mtu mmoja tu nyumbani anayejua.

Tena, mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo wasianze mambo haya kwa kuiga jirani. Waulize kwanza.

TULIVYOJIANDAA

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Jumapili ya kwanza ya Desemba tulikutana baada ya ibada, kila mmoja akataja mahali anapokwenda na chakula anachokiogopa. Mwenzetu wa Kilimanjaro alitaja mtori. Mwenzetu wa Bukoba akataja ndizi za kupika. Mwenzetu wa Dodoma akataja ugali wa uwele wa mama yake. Mwenzetu wa Tanga akasema wali wa nazi, na baada ya kufikiri kidogo akaongeza, "na maneno ya wifi zangu." Wawili waliobaki mjini walitaja sahani za majirani.

Tukakubaliana mambo matatu. La kwanza, kila mmoja atachagua chakula kimoja cha sikukuu ambacho atakionja kwa kiasi, akikaa chini na kukifurahia, badala ya kuchovyachovya kila chungu. La pili, kila mmoja atamwarifu mwenyeji wake mapema. La tatu, tutatumiana ujumbe wa simu kila jioni, kila mmoja akiandika alivyokula na kipimo chake cha sukari kama anacho. Jambo la tatu lilionekana la kitoto, lakini ndilo lililotushika mkono. Mtu akijua kuna wenzake watano wanaosubiri neno lake saa tatu usiku, hunyoosha mkono kwa busara zaidi.

Njiani napo palihitaji akili. Basi la Moshi huondoka Mbezi alfajiri, na safari ni ya zaidi ya kilomita 500. Kila linaposimama, madirishani kuna machungwa, mahindi ya kuchemsha, biskuti na soda. Lakini kuna pia mayai ya kuchemsha, karanga na korosho. Mwenzetu alifunga vipande vya kuku wa kukaanga, matango na karanga katika kikopo, na maji chupa mbili. Watoto walinunua mahindi yao, naye akala kuku wake. Hakuna aliyenyimwa kitu.

MTORI WA MAMA MKWE

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro wanajua kwamba Desemba huko si mwezi wa mchezo. Mchaga aliyeko mjini hurudi nyumbani, na asiporudi anatafutwa. Mgomba ndio moyo wa kihamba. Ndizi ndiyo mtori, ndiyo machalari, ndiyo kiburu, na ndiyo mbege ya wazee ikichanganywa na ulezi. Mkwe anayefika na kusema "sili ndizi" amesema neno kubwa kuliko anavyodhani.

Mwenzetu aliyajua hayo, kwa hiyo alipiga simu majuma mawili kabla.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnakuja lini?"

"Tarehe 22, Mungu akipenda. Mama, nina ombi. Hospitali wameniambia nipunguze ndizi, wali na sukari, kwa ajili ya ugonjwa wangu. Nikija naomba unisaidie."

Kimya. Kisha: "Hata mtori?"

"Hata mtori, Mama. Lakini supu yake na nyama nitakula mpaka unifukuze."

Mama yule alicheka, naye mwenzetu akashukuru. Tunaomba mtazame neno alilotumia. Hakusema "sitakula." Alisema "unisaidie." Anayeombwa msaada hajanyang'anywa heshima yake, ameongezewa. Krismasi ilipofika, mama mkwe alikuwa ameteka supu ya mifupa katika sufuria ndogo kabla ya kutumbukiza ndizi, akaiweka pembeni ya jiko, na mtu yeyote aliyeisogelea alikemewa: "Hiyo ni ya mgonjwa wangu." Mwenzetu alikunywa supu, akala nyama ya mbuzi na mboga za majani, kisha akaomba kibakuli kidogo cha mtori, kile alichokuwa amejiwekea kuwa ndicho chakula chake cha sikukuu. Alikula taratibu mbele ya mama yake, akaomba aelezwe siri ya ladha yake.

Wifi mmoja hakukosa la kusema. "Mjini mmekuwa Wazungu, sasa ndizi zinawadhuru." Watu wakacheka. Mwenzetu naye akacheka, akamwongezea wifi nyama katika sahani. Hakujibu, na maneno yakafa yenyewe.

Lakini mama mkwe hakucheka. Jioni ile, wageni walipopungua, alimwita mkwewe jikoni karibu na moto.

"Hiyo mashine yako ya kutoboa kidole inauma?"

"Kidogo tu, Mama, kama mwiba."

Mama akakaa kimya akichochea kuni. Kisha akaeleza kwamba tangu mavuno ya kahawa miguu yake inawaka moto usiku kama amekanyaga majivu ya moto, kwamba anaamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na kwamba kiu haimwishi. Hakumwambia mtu. Watoto wake wana mambo yao mjini, alisema, naye hakutaka kuwa mzigo.

Mwenzetu alitoa sindano mpya, kwa maana sindano ya kutobolea haitumiwi na watu wawili, akampima. Mashine ikaonyesha 18.4. Asubuhi ya tarehe 26, kabla mama hajatia kitu mdomoni, akampima tena: 14.1. Mtu mwenye afya asubuhi kabla ya kula huwa chini ya 6.1, na ikifika 7 au zaidi, tena ikathibitishwa hospitali, huitwa kisukari. Ijumaa ya tarehe 27 walimpeleka hospitali. Ikathibitishwa. Miguu ikakaguliwa, na chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto wakakuta jeraha ambalo mama mwenyewe hakulijua, kwa kuwa mguu ulikuwa umeanza kufa ganzi. Lilikuwa bado dogo. Muuguzi alisema lingekaa bila kutibiwa hadi Pasaka, pengine wangekuwa wanazungumzia kukata.

Ujumbe wa mwenzetu ulipotufikia usiku ule, hakuna kati yetu aliyeandika habari za chakula. Wote tulifikiria jambo moja: kama angeficha mashine yake chini ya nguo katika begi, kama angemeza mtori ule wote kwa kuogopa maneno, nani angemuuliza mama yule habari za miguu yake? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi wanawake ndio mabingwa wa kuficha, kwa kuwa tumefundishwa kwamba mama haugui, mama anauguza.

Mama mkwe alilia siku ile waliporudi hospitali. Hakulilia ugonjwa. Alisimama kihambani akasema, "Nimepanda migomba hii tangu nilipoolewa. Leo naambiwa ndiyo inayoniua."

Mkwewe akamjibu, "Hakuna aliyekuambia uing'oe, Mama. Wamesema upunguze. Jana ulikula sahani, kesho utakula vipande viwili na mboga nyingi. Ndizi nyingine tutauza, tununue mayai."

Hadi leo ndivyo anavyofanya. Anatumia vidonge, anakwenda kliniki, jeraha limepona, na kila jioni anaukagua unyayo wake kwa kioo kidogo alicholetewa na yule yule wifi aliyesema habari za Wazungu.

KWINGINEKO

Hatuna budi kuwaeleza pia habari za wenzetu wengine, maana si kila safari ilikuwa nzito hivyo.

Mwenzetu wa Bukoba aligundua kwamba nyumbani kwao kuna chakula cha sikukuu kinachofaa kuliko vyote, nacho ni senene. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba. Wakishanyofolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Wana protini na mafuta, na wanga wao ni kidogo. Alikaa na bakuli la senene wakati wengine wakila ndizi, na shangazi zake wakamsifu kwamba mjini hakukumharibu.

Mwenzetu wa Dodoma alitumia mlenda. Alipakua ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto, mlenda mwingi na nyama choma, akaanza na mboga na nyama, ugali ukaja mwishoni. Mpangilio huo una maana: ukianza na mboga na nyama, sukari hupanda polepole kuliko ukianza na ugali. Baada ya kula alitembea na mama yake hadi kisimani na kurudi. Matembezi ya dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo huisaidia misuli kuitumia sukari, tena hayahitaji viatu maalumu.

Mwenzetu wa Tanga aliomba apike yeye mwenyewe siku moja, akapika samaki wa kupaka kwa nazi na pilau ya kabichi. Kabichi hukatwa nyembamba sana kama punje za mchele. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, weka vitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba, iliki, mdalasini na pilipili manga, ongeza nyama iliyokwisha kuiva na supu yake kidogo sana, kisha kabichi, na usifunike kwa muda mrefu isije ikatoa maji. Harufu ni ya pilau kamili. Wifi zake walikula, wakaomba tena, ndipo walipoulizwa kama wameona mchele.

WALIOBAKI MJINI

Wawili waliobaki Dar es Salaam walikuwa na mtihani wao. Katika mitaa yetu sahani hutembea. Krismasi tunawapelekea majirani zetu Waislamu, nao Idd hutuletea. Na sahani hairudishwi tupu. Wenzetu walipokea kila kilicholetwa, wakashukuru, na wakagawa kwa vijana wa nyumbani. Kupokea si lazima kula. Na wao walipopeleka sahani zao, waliweka mishkaki na kachumbari juu, pilau kidogo chini.

Lakini hatari kubwa ya mama aliye nyumbani haiko katika sahani ya jirani. Iko katika kuonja na kumalizia. Mama huonja pilau mara nne kabla haijaiva. Hula ukoko kwa kuwa ni mtamu. Hula mabaki ya sahani za watoto kwa kuwa chakula hakitupwi. Mwisho anakaa mezani akisema hajala kitu tangu asubuhi, na anasema kweli, maana hajawahi kukaa chini. Dawa tuliyoipata ni rahisi: mama apakue sahani yake mapema, ya kwanza na si ya mwisho, aifunike. Kuonja amwachie binti aliyekua. Ndivyo atakavyojifunza kupika. Na mabaki yawekwe kwenye jokofu au yapewe kuku.

WATOTO NA WAUME

Watoto wetu hatukuwawekea sheria zetu. Mtoto anakua, anacheza, anahitaji wanga wake, naye Krismasi ni yake. Tulichofanya ni kupunguza soda: moja siku ya sikukuu, na siku nyingine maji. Hilo halikumdhuru mtu.

Kwa waume wenye ugonjwa tulijifunza kwamba maneno mengi hayasaidii. Mume aliyekatazwa chakula mbele ya kaka zake atakula mara mbili kuonyesha kwamba yeye ndiye baba. Bali mume aliyewekewa mezani mbuzi, figo, mboga zilizopikwa vizuri na wali katika bakuli dogo, mara nyingi hashughuliki kuuliza bakuli kubwa liko wapi. Yanayohusu pombe, mbege ikiwemo, yazungumzwe faraghani kabla ya safari, na yasemwe wazi: kileo pamoja na baadhi ya dawa za kisukari vinaweza kuishusha sukari usiku mtu akiwa usingizini, na walio naye wakadhani amelewa tu.

BAADA YA SIKUKUU

Neno la mwisho ni kwa mama ambaye siku ilimshinda, akala. Usipande mizani asubuhi ya tarehe 26. Mwili huweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji gramu tatu hivi. Mtu aliyepunguza wanga akila wanga siku moja, akiba hujaa na maji hurudi. Mizani inaweza kuonyesha kilo moja au mbili zaidi. Hayo si mafuta. Wengi huyaona, wakakata tamaa, wakasema "basi tena, nitaanza Januari," na siku moja ikageuka kuwa majuma mawili. Mlo mmoja haukuvunji. Kinachovunja ni kuuacha mlo huo uvute mwingine. Kunywa maji, tembea, na mlo unaofuata uwe mayai na mboga.

Tulipokutana tena katika Januari 2025, sita sote tulikuwa na vipimo vyetu mkononi, vingine vizuri, vingine vya wastani, hakuna cha kutisha. Lakini tuliongeza jambo moja katika mpango wetu ambalo tumekuwa tukilifanya tangu wakati huo, nasi tunakuomba ulifanye Desemba hii. Unapofunga begi la safari, weka mashine yako ya kupimia juu ya nguo, si chini yake, na ongeza vijiti na sindano mpya za watu wa nyumbani. Kisha, jioni wageni wakipungua, muulize mama yako au mama mkwe wako anavyolala usiku, anakunywa maji kiasi gani, na miguu yake inaendeleaje. Uliza, unyamaze, umsikilize.